Mtu Aliyeokoka na Pepo wa Ukoo: Maswali ya Wasomaji juu ya Shetani na Malaika

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza habari za viumbe wa rohoni, yaani Shetani, mapepo na malaika, na zinataka kujua sisi Wabaptisti tunaamini nini kuwahusu. Nimechagua chache, nikazifupisha zilizokuwa ndefu na kuyaacha majina ya waandishi. Msomaji asiyetufahamu ajue kwanza kwamba Wabaptisti hatuna askofu mkuu wala sinodi iwezayo kuyafunga makanisa yote kwa tamko moja. Kila kanisa la mahali hujitawala chini ya Kristo, na kipimo chetu ni Maandiko. Tunayo maungamo ya imani, lakini hata hayo husema machache juu ya mada hii. Ungamo la Wabaptisti la London la 1689 lina sura 32, na hakuna hata moja iliyotengwa kwa ajili ya malaika au Shetani. Ndivyo lilivyo pia tamko la imani la Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, ambao wamishenari wao walianza kufika Tanganyika katika miaka ya 1950 na kuifanya Mbeya kuwa mojawapo ya vituo vyao. Viumbe hao wanatajwa kwa kupita tu, kama vile inapozungumzwa dhambi ya Adamu, ibada, au hukumu ya mwisho. Mimi naona uchache huo ni busara, na majibu yangu yatajaribu kuufuata, ingawa barua ya kwanza imenilazimu kukaa nayo kwa muda.

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 24, ninaishi Uyole, na nilibatizwa katika kanisa la Baptisti nikiwa kidato cha pili. Tangu mwaka jana huwa ninashtuka usiku nikiwa siwezi kujinyanyua wala kupiga kelele, na ninahisi kama mtu amenikalia kifuani. Shangazi yangu alinipeleka kwenye maombezi huku mjini. Mtumishi aliandika jina la ukoo wetu kwenye karatasi, akaichoma kwenye sahani ya bati, akasema nina pepo wa babu na kwamba ubatizo wangu haukumgusa. Niliuziwa chupa ndogo ya mafuta nikaambiwa niwe narudi kila Ijumaa na sadaka ya ukombozi. Sasa hela imeniishia. Je, mtu aliyeokoka anaweza kukaliwa na pepo? Na hizo Ijumaa niendelee nazo?

Amina, binti yangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalokugharimu: usirudi. Kuombewa si kubaya. Ni haki ya kila Mkristo, na tena ni bure. Ubaya ni kwamba umeambiwa kazi ya Kristo ndani yako imebaki na pengo, na kwamba pengo hilo litazibwa na mafuta ya kununua. Fungua Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 1, mstari wa 18 na wa 19. Petro anawaambia waumini kwamba walikombolewa kutoka katika mwenendo usiofaa walioupokea kwa baba zao, na kwamba ukombozi huo haukupatikana kwa fedha wala dhahabu bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Sijui andiko jingine linalogusa kwa pamoja mambo mawili uliyoyaeleza, yaani urithi wa ukoo na malipo, na yote mawili linayajibu kwa mara moja.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Wabaptisti hatukani kuwapo kwa mapepo, wala hatuoni kwamba watu wa kale waliyataja kwa kukosa elimu. Injili zinasimulia Bwana wetu akiyatoa, nasi tunaziamini. Hata hivyo, walio wengi kati yetu hufundisha kwamba pepo hawezi kumiliki mtu aliyezaliwa mara ya pili, kwa sababu mwili wa mtu huyo ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwa sababu Mungu amekwisha kumhamisha kutoka katika nguvu za giza na kumwingiza katika ufalme wa Mwana wake, kama Paulo anavyowaandikia Wakolosai. Yohana anasema wazi kwamba yule mwovu hamgusi aliyezaliwa na Mungu. Shamba likishauzwa na hati ikabadilishwa jina, mwenye shamba wa zamani anaweza kusimama barabarani akatukana na hata kutupa mawe, lakini kuja kulima hawezi.

Mawe hayo nayo yapo, na yanaumiza. Petro anawaonya waumini, si wapagani, kwamba Ibilisi huzunguka kama simba angurumaye. Paulo alikuwa na mwiba aliouita mjumbe wa Shetani, naye alikuwa mtume. Shetani hujaribu, hushitaki, hudanganya na hukatisha tamaa, na Mkristo anayedai kwamba haguswi na lolote kati ya hayo anajidanganya. Lakini tuangalie anapitia wapi. Watumishi wengi hupenda kunukuu Waefeso 4:27, "wala msimpe Ibilisi nafasi", kisha wakaanza kumuuliza mtu habari za babu na bibi, ndagu za wajomba na mizimu ya kwao. Ukiisoma sura hiyo kwa utulivu utaona kwamba nafasi inayozungumzwa ni hasira inayoachwa mpaka jua likachwa, na mistari inayofuata inataja wizi, maneno mabaya na uchungu. Babu hatajwi. Naye nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kukataa kwamba mwana atauchukua uovu wa baba yake.

Ni haki nikueleze kwamba Wabaptisti hatusemi kitu kimoja katika kila sehemu ya jambo hili. Wapo wachungaji wetu wanaoamini kwamba muumini anaweza kuonewa na pepo kutoka nje kwa nguvu kiasi cha kuhitaji maombi ya pekee ya wazee wa kanisa, na wapo wanaoona hata kusema hivyo ni kumpa Shetani heshima isiyo yake. Mimi niko karibu zaidi na hao wa pili, ingawa sijawahi kumfukuza mtu aliyekuja kwangu usiku akitetemeka kwa hofu, nimeomba naye. Wote wawili tunakubaliana kwamba hakuna mafuta wala maji yenye uwezo huo. Hata maji ya ubatizo wako hayakuwa dawa ya kufukuzia pepo. Tulikuzamisha ili kushuhudia mbele ya watu kwamba umekufa na kufufuka pamoja na Kristo, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kutendeka kwa imani kabla hujaingia kisimani. Kwa hiyo huyo aliyesema kwamba ubatizo wako haukumgusa pepo amesema neno la kweli pasipo kujua maana yake: si ubatizo unaokulinda, bali ni Kristo mwenyewe.

Kuhusu hali unayoieleza, hilo ni jinamizi, na wanaolipata ni wengi kuliko unavyodhani. Mtu akiwa katika usingizi wa ndoto, mwili huilegeza misuli yake ili asizitende ndoto hizo. Wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijaachiliwa, mtu akajikuta anaona chumba na dirisha lakini hawezi kusogeza hata kidole, na kifua kikawa kizito. Hali hiyo hupita baada ya sekunde kadhaa au dakika chache. Uchovu, wasiwasi, kukosa usingizi wa kutosha na kulala chali huizidisha, na nadhani mtu aliyeambiwa kwamba ana pepo wa babu hawezi kulala vizuri. Ikizidi, nenda hospitali ukawaeleze waganga kama ulivyonieleza mimi. Mathayo, katika sura ya 4, mstari wa 24, anawataja wenye pepo na wenye kifafa kama watu wa makundi mawili, na Yesu akawaponya wote. Ni kweli kwamba katika sura ya 17 yuko kijana ambaye mambo hayo yalikutana, na ndiyo sababu nasema tusiwe wepesi wa kuhukumu kwa upande wowote. Lakini nimeona kwa macho yangu watoto wenye kifafa wakizungushwa kwenye mikutano ya maombezi mwaka mzima wakati vidonge vya kutuliza ugonjwa huo vipo, na jambo hilo linanisikitisha sana. Wamishenari waliokuja kuhubiri hapa Mbeya kwamba Kristo amemshinda Shetani walijenga pia hospitali, na hawakuona mgongano wowote.

Yakobo anasema, "Mtiini Mungu. Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Angalia mpangilio wake: kutii kumetangulia. Usiku ukishtuka, liite jina la Bwana wewe mwenyewe, maana kila aaminiye ni kuhani na hahitaji mtu wa katikati. Na shangazi yako usimwite mshirikina. Alikupeleka kule kwa upendo, tena huenda nauli ilikuwa ya kwake. Mweleze kwa adabu kwamba umeamua kuacha. Akiwa mkali, mwombe mchungaji wako aende pamoja na mama mmoja wa kanisa wakazungumze naye nyumbani.

Mchungaji, mimi ni shemasi huku Tukuyu. Mke wangu alilelewa katika Kanisa Katoliki kwao Iringa. Wajukuu wakija likizo, kila usiku huwafundisha kumwomba malaika mlinzi. Nimenyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba. Je, kila mtu ana malaika wake? Na ni vibaya kumwomba?

Ndugu yangu shemasi, katika swali la kwanza wewe na mama hamko mbali kama unavyofikiri. Wakatoliki hufundisha kwamba kila mtu ana malaika wake, na huwakumbuka malaika walinzi tarehe 2 Oktoba. Maandiko wanayoyategemea nasi tunayasoma: Bwana alisema juu ya wadogo kwamba malaika wao mbinguni huutazama siku zote uso wa Baba yake, na waumini waliokuwa nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, walipoambiwa kwamba Petro yuko mlangoni walisema ni malaika wake. Wapo Wabaptisti ambao kwa maandiko hayo huamini kwamba kila mtoto wa Mungu ana mlinzi wake. Wengi wetu hatufiki huko, kwa sababu Zaburi ya 91 inasema Mungu atawaagizia malaika zake, kwa wingi, wamlinde mtu mmoja, na Elisha pale Dothani alizungukwa na farasi na magari ya moto yaliyojaa mlima. Kilicho hakika ni kile cha Waebrania 1:14, kwamba malaika wote ni roho watumikao, wakitumwa kuwahudumia watakaourithi wokovu.

Lakini zaburi hiyo hiyo ya 91 ndiyo Shetani aliyoinukuu alipomtaka Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu. Hivyo ahadi ya ulinzi wa malaika inaweza kugeuzwa ikawa mtego, mtu akaishi kizembe akidhani ana hirizi. Katika Matendo sura ya 12 malaika alimtoa Petro gerezani, minyororo ikamwanguka mikononi na mlango wa chuma ukafunguka wenyewe. Lakini mwanzoni mwa sura hiyo Yakobo, ndugu yake Yohana, aliuawa kwa upanga na hakuna malaika aliyeonekana. Hatuambiwi sababu. Wote wawili walikuwa mitume, na wote wawili walipendwa.

Katika swali la pili hapo ndipo tunapoachana na Wakatoliki. Ungamo la 1689, katika sura ya 22, linasema kwamba ibada ni ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu peke yake, wala si ya malaika, watakatifu au kiumbe kingine chochote. Yohana alipoanguka miguuni pa malaika ili amsujudie, malaika mwenyewe alimkataza akisema kwamba yeye ni mjoli wake, yaani mtumishi mwenzake, na kwamba amsujudie Mungu. Mkatoliki atakujibu kwamba kumwomba malaika akuombee si kumwabudu, na ni haki kumsikiliza anavyoieleza imani yake. Sisi tunajibu kwamba mpatanishi ni mmoja, na kwamba katika Biblia yote hatuoni mfano wa mtu wa Mungu akifanya desturi ya kumwomba malaika. Kwa sababu hiyo pia tunayataja majina mawili tu ya malaika watakatifu, Gabrieli na Mikaeli. Rafaeli anatoka katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na sisi hatunacho katika orodha yetu ya vitabu vitakatifu.

Je, umkataze mama? Mbele ya wajukuu, hapana. Kaa pamoja nao wakati wa kulala, na uombe wewe: umshukuru Mungu kwa kuwatuma malaika zake, umwombe awatume na usiku huo. Watoto watajifunza kwamba malaika wapo na kwamba anayeombwa ni aliyewatuma. Sidhani kama mama atalipinga ombi hilo.

Mchungaji, ninaandika kutoka Mbalizi. Mtoto wangu alifariki akiwa na miezi mitano. Mazishini walisema amekuwa malaika. Baadaye jirani aliniambia kwamba kwa kuwa sisi Baptisti hatubatizi watoto, huyu wangu alikufa akiwa mali ya Shetani.

Mama, pole sana. Jirani yako amekosea. Shetani hana mali yoyote aliyoipata kwa sababu ya maji kutomwagwa. Yeye mwenyewe ni kiumbe, tena kiumbe aliyehukumiwa. Ubatizo kwetu ni ushuhuda wa mtu aliyeamini, na mtoto wa miezi mitano hakuwa na deni hilo. Daudi alipofiwa na mtoto wake mchanga alisema kwamba yeye atamwendea mtoto huyo, lakini mtoto hatamrudia yeye. Ungamo letu la kale, katika sura ya 10, linasema kwamba watoto wachanga walioteuliwa na Mungu, wakifa, huzaliwa upya na kuokolewa na Kristo kwa njia ya Roho, afanyaye kazi lini na wapi na jinsi apendavyo. Na Wabaptisti walio wengi hushika kwamba rehema hiyo inawafikia watoto wote wanaofariki kabla ya kujua kuchagua mema na mabaya. Mimi nashika hivyo.

Wale waliosema amekuwa malaika walitaka kukufariji, nami siwalaumu. Ila mtoto wako ni bora kuliko walivyosema. Malaika wameumbwa malaika na watabaki malaika. Binadamu hageuki kuwa mmoja wao. Mwana wa Mungu hakutwaa asili ya malaika bali alizaliwa mtoto, akanyonyeshwa na kubebwa kama wako. Kazi ya malaika katika saa kama ile tunaiona katika Luka sura ya 16, walipomchukua maskini Lazaro mpaka kifuani kwa Ibrahimu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Iringa. Nimesikia katika mahubiri kwamba Shetani aliitwa Lusifa, alikuwa kiongozi wa kwaya mbinguni, akafukuzwa pamoja na theluthi ya malaika. Haya yako wapi katika Biblia?

Kwaya haipo. (Wanakwaya wetu wametaniwa vya kutosha kwa hadithi hiyo, hasa wanapochelewa mazoezi.) Imejengwa juu ya Ezekieli 28:13, ambapo yanatajwa matari na filimbi, lakini mstari wa 12 unasema ombolezo hilo ni la mfalme wa Tiro. Isaya 14, yenye habari za nyota ya alfajiri iliyoanguka kutoka mbinguni, ambako ndiko lilikotoka jina Lusifa, nayo inasema katika mstari wa 4 kwamba ni mithali juu ya mfalme wa Babeli. Wabaptisti wengi huamini kwamba nyuma ya wafalme hao wawili nabii alikuwa anachungulia anguko la Shetani. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, huona kwamba wanatajwa wafalme na inatosha kuwa wafalme. Theluthi inatoka katika Ufunuo 12:4, panaposemwa nyota, na huenda ni malaika kweli.

Usipoyategemea maandiko hayo, bado yanabaki ya kutosha. Vitu vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana, viliumbwa na Mungu, hivyo Shetani hana umilele wala si mungu wa pili wa upande wa giza. Yuda na Petro wanasema kwamba wako malaika waliotenda dhambi wasiilinde enzi yao. Katika kitabu cha Ayubu Shetani hawezi kugusa hata ng'ombe mmoja pasipo ruhusa, na hata Petro alipotakiwa apepetwe kama ngano, ilibidi Shetani aombe kwanza. Mwisho wa Shetani umeandikwa katika Ufunuo 20:10. Kuhusu ile miaka 1,000 ya kufungwa kwake inayotajwa katika sura hiyo hiyo, Wabaptisti tumegawanyika siku nyingi kama itakuja baada ya Kristo kurudi au ni picha ya wakati huu wa kanisa, na hakuna anayefukuzwa ushirika kwa jambo hilo.

Vijana wa kanisa letu hapa Mbeya mjini wanataka kupanda Mlima Loleza wakaifunge roho inayoutawala mji, kama mkuu wa Uajemi katika Danieli 10. Tuwaruhusu?

Kupanda waruhusuni, Bwana wetu mwenyewe alipenda kuomba mlimani. Wachukue masweta na wasiende usiku. Lakini kufunga roho ya mji wasome kwanza sura waliyoitaja. Danieli alifunga na kuomba wiki tatu, na katika muda wote huo hakumsemesha mkuu wa Uajemi hata neno moja. Habari za vita kati ya malaika na mkuu huyo alielezwa baadaye na mjumbe aliyetumwa kwake. Naye Mikaeli, aliye malaika mkuu, aliposhindana na Ibilisi hakuthubutu kumshitaki kwa kumlaumu, bali alisema, "Bwana na akukemee."

Waige alivyofanya Paulo huko Efeso, mji uliokuwa umejaa uchawi na hekalu la Artemi. Hatusomi kwamba alipanda kilima chochote kuifunga roho ya Artemi. Alihojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka miwili, hata wote waliokaa katika jimbo la Asia wakalisikia neno la Bwana, na wengi wa waliotumia uganga wakaleta vitabu vyao wenyewe wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ilipohesabiwa ilikuwa vipande 50,000 vya fedha, na hakuna aliyetozwa sadaka ya ukombozi.